Katapila lilichonga barabara ya moto shambani mwangu hadi kijitoni: nianzie wapi kabla ya mvua?

*«Shikamoo mtaalamu. Nina shamba la misindano la ekari 7 hivi huku Mufindi, kwenye mteremko unaoishia kijitoni. Mwezi uliopita moto ulitoka ng'ambo ya bonde, na wenye shamba kubwa la jirani wakatusaidia kwa katapila, ambalo lilichonga barabara ya moto kutoka kilimani moja kwa moja hadi kijitoni, likavuka na kuendelea upande wa pili. Moto ulizimika na ninashukuru, maana nilipoteza robo tu ya miti. Sasa nimebaki na mstari wa udongo mwekundu wenye upana wa mita 6 na urefu wa karibu mita 300, na pande zote mbili kuna marundo ya udongo na visiki. Baadhi ya wenzangu wananishauri nipande milingoti humo ili ishike udongo, wengine wanasema niiache ilivyo iwe kinga ya moto ya mwakani, na mdogo wangu anataka tuitumie kuvutia magogo ya miti iliyoungua kabla hayajaharibika. Mimi ninaihofia zaidi sehemu iliyoungua, kwa kuwa imebaki nyeusi na tupu. Mvua zinakaribia. Nianzie wapi, na je, ni nani aliyepaswa kuirekebisha barabara hii?»*

Marahaba, na pole sana kwa moto. Robo ya shamba la misindano ni miaka mingi ya kazi, na ninaelewa kwa nini macho yako yanakwenda kwanza kwenye ile sehemu nyeusi. Hata hivyo, naomba nigeuze mpangilio wa hofu zako tangu mwanzo: sehemu iliyoungua, kwa sehemu kubwa, inaweza kusubiri, lakini barabara iliyochongwa na katapila haiwezi kusubiri hata mvua kubwa ya kwanza. Wakulima wengi, na hata baadhi ya maofisa, huhesabu madhara ya moto peke yake na kusahau madhara ya kuuzima, kwa kuwa aliyechonga barabara alikuja kuokoa na ni vigumu kumlaumu aliyekuokoa. Ardhi haijui shukrani hiyo. Inajua tu kwamba imechunwa ngozi kwenye mteremko na mvua iko njiani.

Fikiri kwanza hali ya sehemu iliyoungua. Moto wa nyasi na majani makavu hupita haraka, na joto lake halipenyi sana ardhini. Chini ya jivu kuna mizizi iliyo hai, vitako vya nyasi vitakavyochipua mara tu unyevu ukirudi, na mbegu zilizofukiwa kwa kina cha kutosha kunusurika. Misindano ambayo majani yake yamekauka na kuwa ya kahawia bila kuteketea itayaangusha majani hayo katika wiki zinazofuata, nayo yatatandaza zulia linalopunguza nguvu ya matone ya mvua. Kwa hiyo usiyafagie wala kuyachoma kwa kisingizio cha kusafisha shamba. Sehemu ya kuangalia kwa makini ni pale palipokuwa na rundo la matawi au magogo yaliyowaka kwa saa nyingi. Kwangua jivu, mwaga maji kidogo kwa kikombe juu ya udongo, kisha utazame. Maji yakikaa juu yakiwa matone ya mviringo kwa zaidi ya dakika moja badala ya kunywewa, ujue nta iliyokuwa kwenye majani na takataka iligeuka mvuke wakati wa moto, ikaingia ardhini na kuganda juu ya punje za udongo. Mahali kama hapo palimwe kidogo kwa jembe na kufunikwa kwa matawi. Kwa kawaida ni madoa machache, si shamba zima.

Barabara ni jambo tofauti kabisa, na inafaa kuelewa katapila lilifanya nini hasa. Sepetu lake liliondoa tabaka la juu la udongo, ambalo ndilo lenye mboji, mizizi na mbegu, na kulisukumia pembeni; hayo ndiyo marundo unayoyaona. Halafu minyororo yake, yenye uzito wa tani nyingi, ilishindilia udongo uliobaki kiasi kwamba maji hayapenyi kwa urahisi. Na kwa kuwa udongo ulisukumwa pande zote mbili, marundo yale yamekuwa kuta mbili zinazozuia maji kutoka. Ukiviunganisha vitu hivyo vitatu, umepata mfereji wa bati ulioelekezwa kijitoni. Hebu tufanye hesabu: mita 6 kwa mita 300 ni mita za mraba 1,800. Mvua ya milimita 50, ambayo si ya ajabu huko kwenu kati ya Desemba na Aprili, huangusha juu ya eneo hilo lita 90,000 za maji. Hata kama sehemu ya maji hayo itanywewa, yanayobaki yatashuka yakiongeza kasi, na uwezo wa maji kubeba udongo huongezeka kwa kiwango kikubwa kuliko kasi yenyewe. Ndiyo maana mfereji mdogo wa kina cha kidole unaoonekana juu ya mteremko huwa korongo la kina cha magoti unapofika chini, na huenda hilo likatokea katika msimu mmoja.

Sasa tuingie kazini. Siku zikiwa chache, anza kijitoni, hata kama kanuni ya kawaida ni kuanza juu na kushuka. Katapila linapovuka kijito mara nyingi hujijengea daraja la udongo na magogo, na daraja hilo ni bwawa dogo lisilo na mlango. Maji yakijaa nyuma yake litabomoka kwa mkupuo, na tope lote litakwenda kwa wanaokunywa maji huko chini. Ondoa magogo kwa mkono, kisha chota udongo kwa beleshi hadi uione sakafu ya zamani ya kijito. Utaitambua kwa changarawe na mawe yaliyolainika, tofauti na udongo mwekundu uliosukumwa juu yake. Kingo zilaze kwa mteremko mpole zifanane na kingo za juu na chini ya kivuko, usiziache wima. Udongo unaouchota upeleke mbali, mahali tambarare ambapo maji ya mvua hayatauvuta tena kijitoni. Kabla ya kugusa sakafu ya kijito, mpe taarifa mwenyekiti wa kijiji na kamati ya maji, na uliza ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iliyoko Iringa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inailinda kwa namna ya pekee mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ni vizuri ijulikane mapema kwamba wewe unafukua kilichotupwa humo, huanzishi shamba jipya.

Ukishamaliza kijitoni, panda juu uanze makinga maji. Hiki ndicho kiini cha ukarabati wote, na ukifanya hili peke yake ukaacha mengine yote, bado utakuwa umeokoa sehemu kubwa. Kinga maji ninalolizungumzia ni mfereji mfupi unaokata barabara kwa mshazari, na tuta lake upande wa chini, ambalo kazi yake ni kuyatoa maji nje ya barabara kabla hayajakusanyika na kupata nguvu.

Umbali kati ya kinga moja na jingine hutegemea ukali wa mteremko, kwa hiyo pima badala ya kukisia. Chukua kamba ya mita 5, pima maji ndogo ya kuning'iniza ambayo fundi mwashi yeyote anayo, na fimbo ndefu iliyonyooka. Mtu wa juu aikanyage ncha ya kamba ardhini. Mtu wa chini aiinue ncha nyingine kwenye fimbo hadi pima maji ionyeshe kwamba kamba imelala sawa. Ikiwa ncha ya chini imeinuka mita 1, mteremko ni asilimia 20. Ikiwa imeinuka mita 2, ni asilimia 40. Pima sehemu tatu au nne, kwa sababu miteremko ya Mufindi hubadilika ghafla karibu na bonde. Kanuni za misitu za jimbo la California, ambako kazi hii hufanyika kila mwaka baada ya moto, zinataka kwenye udongo unaomomonyoka kwa urahisi umbali usiozidi takriban mita 45 penye mteremko wa hadi asilimia 10, mita 30 hadi asilimia 25, mita 23 hadi asilimia 50, na mita 15 panapozidi hapo. Mimi kwa mvua zetu za radi hupenda kubana zaidi: mita 20 penye asilimia 20, na mita 15 au pungufu pale chini panapokaza. Kwa mita 300 zako, tarajia makinga kama 15. Ni kazi ya familia na majirani wachache kwa majembe na sururu, haihitaji mtambo.

Namna ya kulijenga ni jambo linalostahili uvumilivu. Chora mstari wa mshazari, usikate barabara kwa pembe mraba, kwa kuwa maji yakigonga tuta lililonyooka hutuama, hujaza tope na hatimaye hulirukia. Mfereji uteremke kidogo tu kuelekea mdomoni, kama sentimita 3 au 4 kwa kila mita. Ukiteremka zaidi ya hapo utaanza kujichimba wenyewe. Chimba angalau sentimita 15 ndani ya udongo mgumu ambao haukuchimbwa, wala usidanganyike na vumbi laini lililo juu. Udongo uliochimbwa uweke upande wa chini, uushindilie kwa miguu au kwa gogo kila unapoongeza tabaka, hadi tuta lililoshindiliwa liwe na kimo kisichopungua sentimita 15 kutoka usawa wa barabara. Likiwa refu zaidi ya hapo ni bora. Ncha ya juu ya kinga iingie ndani ya ukuta wa udongo wa pembeni na kushikana na ardhi iliyo hai, maana nafasi ya upana wa kiganja inatosha maji kuzunguka na kuharibu kazi yote. Ncha ya chini, ambayo ndiyo mdomo, itoboe lile rundo la pembeni na kufunguka wazi. Makinga mengi niliyoyaona yakishindwa yalijengwa vizuri kabisa, ila mtu aliacha rundo limeziba mdomo, na maji yakarudi barabarani.

Tazama pia kinga linayatoa maji wapi. Yatoe kwenye nyasi au kichaka, si kwenye kitalu cha jirani, wala juu ya kilima cha mchwa au mahali penye dalili ya chemchemi. Kama upande wote umeungua na ni mtupu, laza matawi na magogo membamba mdomoni ili maji yasambae. Kwa kuwa barabara yako inashuka moja kwa moja, unaweza kuelekeza kinga moja kushoto na linalofuata kulia, ili mzigo wote usiende upande mmoja. Kinga la mwisho liwe mbali kidogo na kijito, ili maji yake yachujwe na nyasi za ukingoni kabla ya kuingia mtoni.

Baada ya makinga ndipo marundo ya pembeni yarudishwe. Watu wengi huyaona kama takataka na hutamani kuyasukumia bondeni, ilhali humo ndimo ulimo udongo wako wa juu pamoja na mbegu na mizizi yote iliyong'olewa; hakuna mbegu ya dukani inayolifaa shamba lako kuliko hiyo. Kabla ya kuyafukua, hata hivyo, hakikisha yamepoa. Visiki na mizizi iliyofukiwa hufuka ndani kwa ndani kwa wiki kadhaa bila kutoa moshi, na ukivifunua siku ya upepo unaweza kuwasha moto wa pili. Pitisha mgongo wa mkono juu ya rundo bila kuligusa, toboa kwa fimbo, nusa. Ukihisi joto, limwagie maji na kulichanganya na udongo hadi lipoe kabisa. Angalia juu pia: msindano ulioungua shina au mizizi huanguka bila kutoa taarifa, na usimruhusu mtu kufanya kazi chini yake upepo unapovuma.

Unaporudisha udongo, linganisha ugumu wa barabara na ugumu wa shamba. Chukua kipande cha nondo, ukisukume kwa mkono kwenye ardhi isiyoguswa, kisha barabarani. Kama huku kinazama urefu wa kiganja na kule kinagota baada ya pingili moja ya kidole, ardhi imeshindiliwa na mizizi michanga haitapita. Ivunje kwa sururu kwa kina cha sentimita 20 hadi 30, ukifuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaokata mteremko; kamwe usilime kutoka juu kwenda chini. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu kidogo; ukiwa umelowa, mfinyanzi mwekundu huo hubandika na kuwa mgumu zaidi unapokauka. Halafu tandaza matawi juu ya udongo uliorudishwa. Yakanyage yalale chini, kwa kuwa tawi linaloelea hewani halizuii tone wala tope, na yasiwe mengi kiasi cha kuwa kuni za moto ujao. Nusu au theluthi mbili ya ardhi ikiwa imefunikwa, na rundo lisifike magotini, inatosha.

Kama tayari kuna vikorongo vidogo, usivijaze udongo mlegevu wala mabua ya mahindi, kwani mvua moja itavitapika. Pigilia vigingi na kusuka matawi kuwa vizuizi vidogo, katikati pakiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati, na ncha zake ziingie ndani ya kuta za korongo. Pangilia vizuizi hivyo ili kitako cha kizuizi cha juu kiwe usawa mmoja na kilele cha kizuizi cha chini yake.

Sasa milingoti. Ninaelewa mantiki ya wenzako: ni mti unaokua haraka na miche yake inapatikana. Lakini mche wa mlingoti uliopandwa Desemba hautashika udongo wa mvua za Januari, kwa kuwa mizizi yake bado ni midogo na hauna majani ya kufunika ardhi. Isitoshe, kando ya kijito unanywa maji mengi, na wataalamu wa misitu hushauri usipandwe karibu na vyanzo vya maji. Kinachoshika udongo haraka ni nyasi. Vetiva ni chaguo langu la kwanza kwenye midomo ya makinga na juu kidogo ya kila tuta. Panda vipande vyake kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15 katika mstari mmoja unaofuata kontua, mara mvua zinaposhika vizuri. Majani ya guatemala nayo hufanya kazi nzuri na wafugaji huyapenda. Mabingobingo yanashika udongo pia, ila katika mstari huu ninasita, kwa sababu yasipokatwa kwa ajili ya ng'ombe hukauka kiangazi, hasa baada ya baridi kali ya Juni na Julai, na utakuwa umepanda chakula cha moto kutoka bondeni hadi kilimani. Misindano yenyewe unaweza kuirudisha kwenye nafasi ya kawaida ya mita 3 kwa 3 baada ya udongo kuvunjwa na kufunikwa, ukijua kwamba katika mstari huo itadumaa miaka ya mwanzo.

Kuhusu kuiacha iwe kinga ya kudumu, wenzako hawajakosea kabisa, na sipendi kuliondoa wazo hilo kwa neno moja. Barabara ya moto inahitajika, na baada ya hasara hii ni haki uitake. Tatizo ni mahali ilipo. Dereva wa katapila usiku wa moto huchagua mstari wa haraka, na mstari wa haraka kwenye mteremko ni ule unaoshuka moja kwa moja, ambao kwa maji ni mbaya kuliko yote. Ukiitunza ikiwa tupu kila mwaka utalazimika kuikwangua kila mwaka, na kila ukwanguaji utabomoa makinga uliyojenga. Ushauri wangu ni kuigawa. Sehemu ya juu, pale mgongo wa kilima unapokuwa karibu tambarare, iache iwe kinga, uifyeke nyasi kabla ya Julai badala ya kuichimba. Sehemu yote inayoteremka ifunge kwa ukarabati niliouelezea. Kisha kaa na majirani mpange kinga nyingine inayofuata mgongo wa kilima au njia iliyopo tayari, na kama mnapenda, muifunike kwa mazao mafupi yanayobaki mabichi kiangazi; huko kwenu mistari ya chai imekuwa ikifanya kazi hiyo bila kusifiwa.

Mdogo wako naye ana hoja ya kweli. Msindano ulioungua haukawii kuingiwa na kuvu ya bluu na wadudu wa mbao, na bei yake hushuka kila wiki. Kinachoshindikana ni kuwa na makinga maji na kuvuta magogo katika mstari mmoja kwa wakati mmoja, maana gogo moja likiburutwa linafuta tuta lililochukua nusu siku. Basi chagueni kwa kalenda. Kama mna wiki mbili za ukavu za uhakika, vuteni magogo kwanza, kwa kuyapandisha juu kuelekea njia ya kilimani badala ya kuyateremsha kijitoni, huku kazi ya kivuko ikiendelea kule chini. Siku ya mwisho ya kuvuta ndiyo iwe siku ya kwanza ya makinga. Mawingu yakianza kujikusanya kabla hamjamaliza, acheni magogo. Sisemi hivyo kwa kudharau fedha, lakini thamani ya magogo yaliyobaki inajulikana na ina mwisho, ilhali korongo likishafunguka litaendelea kukula shamba miaka mingi. Miti inayoweza kupasuliwa hapohapo na kubebwa mbao begani ndiyo njia nzuri kuliko zote.

Umeuliza ni nani aliyepaswa kurekebisha. Huko Marekani mambo haya yametenganishwa waziwazi: kurekebisha barabara zilizochongwa na mitambo huhesabiwa kuwa sehemu ya gharama ya kuzima moto, na mara nyingi mitambo ileile hurudi kwenye mstari wake kuweka makinga kabla ya vikosi kuondoka, ilhali madhara ya moto wenyewe hushughulikiwa na timu nyingine ya dharura ambayo, katika misitu ya serikali kuu, huwasilisha tathmini yake ndani ya siku 7 baada ya moto kudhibitiwa kabisa. Kwako, mtambo ulikuja kwa ujirani mwema, na ninakushauri uanzie kwenye ujirani huohuo. Waendee ukiwa na mwenyekiti wa kitongoji, washukuru, kisha waombe jambo dogo linaloeleweka: kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, kwa saa chache kusafisha kivuko, au katapila lenyewe lirudi kuweka makinga udongo ukiwa bado mkavu. Wengi hukubali, kwa sababu tope la kwako linaweza kuishia kwenye vyanzo vyao pia. Ila mvua zikishaanza, usikubali mtambo wowote mzito uingie. Kupita mara moja kwenye udongo uliolowa kutashindilia kuliko siku ile ya moto. Hapo mikono ni bora.

Suala la fidia ni la mwanasheria au msaidizi wa kisheria, na jibu lake linategemea nani aliamuru mtambo uingie na mlikubaliana nini. Ninachoweza kukuambia kwa upande wangu ni kwamba usisubiri liamuliwe ndipo ushike jembe. Piga picha leo, kabla hujagusa kitu: kutoka juu, kutoka chini, kivuko kwa pande zote mbili, na fimbo ya mita moja ikiwa imesimamishwa ili kina kionekane. Andika tarehe, pima urefu na upana, na umwombe mtendaji wa kijiji agonge muhuri kwenye maelezo yako. Ukarabati hauwezi kufuta ushahidi uliokwisha kuhifadhiwa.

Mvua ya kwanza ikinyesha, vaa koti na buti, chukua jembe, utembee barabara nzima ikiwa inanyesha, mradi hakuna radi. Utaona kwa dakika chache ambacho usingekiona kwa wiki ya jua: mdomo uliozibwa na majani, tuta lililoshuka katikati, maji yaliyopata upenyo kwenye ncha ya juu. Rekebisha palepale kwa majembe mawili matatu. Rudia baada ya kila mvua kubwa hadi nyasi zishike, kwa kawaida mwishoni mwa msimu wa kwanza.

Kuna hali ambazo maelezo ya maandishi hayatoshi, na ukikutana na mojawapo simamisha kazi umwite mtu aje aone. Mteremko ukizidi asilimia 50. Ukiona mpasuko wa ardhi wenye umbo la mwezi mchanga juu ya barabara, au miti iliyoanza kuinama upande mmoja, ambayo ni dalili kwamba ardhi yenyewe inasogea. Maji yakichuruzika kutoka kwenye ukuta uliochongwa wakati hakuna mvua. Kivuko kikiwa kimejazwa zaidi ya kimo cha mtu. Au korongo likiwa na ukuta wima unaorudi nyuma kila mvua. Ofisa kilimo wa kata ataweza kukusaidia kupima kontua na kupata vetiva. Ofisa misitu wa wilaya ndiye wa kushauri juu ya miti iliyoungua, kibali cha kuvuna na mahali pa kinga mpya. Na kwa kijito, ofisi ya bonde. Unapokwenda kwao beba zile picha, vipimo vya mteremko ulivyopima kwa kamba, na mchoro wa mkono unaoonyesha barabara, kijito na mahali watu wanapochota maji, ili waweze kuamua siku hiyohiyo kama ni lazima waje kabla ya mvua.